Baiskeli Isiyofikia Pakiti Mbili za Unga

Nina jambo la kuwaeleza, na naomba mnivumilie mpaka mwisho kwa sababu katikati mna hesabu kidogo.

Ndugu msomaji, unaijua pakiti ya unga wa ugali. Ina kilo 2. Beba mbili, moja kila mkono, na utembee nazo kutoka dukani hadi nyumbani. Sasa nikikwambia kwamba kuna baiskeli nzima, yenye magurudumu mawili, cheni, pedali, breki na kiti, ambayo ni nyepesi kuliko hizo pakiti mbili, utasema natia chumvi. Hata mimi, mwalimu wetu wa Fizikia alipotudokezea habari hiyo tukisoma kuhusu kazi na nishati, niliangua kicheko. Wenzangu walinigeukia mimi kwa kuwa wanaijua baiskeli ninayokuja nayo shuleni. Ni Black Mamba, mali ya baba, nyeusi kama jina lake. Siku za shule ni yangu. Jumapili ni ya baba, naye huitumia kuteremsha mikungu ya ndizi kutoka kwetu Maragoli hadi soko la Kibuye, Kisumu. Mlima wa kwetu anayeujua anaujua. Mimi huupanda kila asubuhi, na nikifika darasani shati limelowa chapachapa, mwenzangu wa dawati husogea pembeni.

Jioni ile niliisukuma Mamba hadi posho mil nikamwomba mwenye mashine anipimie kwenye mizani ya magunia. Kilo 21! Nikabaki mdomo wazi. Yaani baiskeli moja ya baba ni sawa na baiskeli saba za kile kilo 2.7, na bado kuna masazo. Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Nilitaka kujua wanafanyaje.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwa nini mtu ahangaike. Kwenye barabara tambarare uzito hauna neno sana. Ukishapata mwendo, adui yako mkubwa ni upepo, na upepo haujali baiskeli yako ina kilo ngapi. Lakini ikifika mlimani mambo hubadilika, kwa sababu pale unainua kila kitu, wewe na baiskeli, kwenda juu. (Mwalimu wa Fizikia atanisamehe nikisema uzito mahali ambapo yeye angesema tungamo.) Mimi nina kilo 53. Ukijumlisha na Mamba ni kilo 74. Tuchukue mlima wenye kimo cha mita 100. Kazi ninayofanya kupambana na mvutano wa dunia ni 74 mara 10 mara 100, yaani juli 74,000. Ningekuwa na baiskeli ya mashindano ya kilo 6.8, ingekuwa juli 59,800. Na ningekuwa na ile ya kilo 2.7, ni juli 55,700. Hizo tofauti ziweke akilini, tutazirudia.

Magurudumu nayo yana kisa chake. Gramu iliyo kwenye ringi, pale nje kabisa, hufanya kazi mbili: inasonga mbele pamoja na baiskeli, na papo hapo inazunguka. Kwa hiyo unapoanza kukimbia kutoka kusimama, gramu moja ya ringi au tairi inakugharimu kama gramu mbili za fremu. Ndiyo maana hawa watu wa baiskeli nyepesi huanza na magurudumu.

Je, hao watu ni akina nani? Wengine ni mafundi wa timu za mashindano, wengine ni watu wa kawaida tu, wenye kazi zao za ofisini, ambao ugonjwa wao ni huu. Mimi nimewabatiza wachunga gramu. Mchunga gramu hupima kila kitu kwenye mizani ndogo ya jikoni: boliti, nati, waya wa breki, hata tepu ya usukani. Huandika katika daftari. Haamini maneno ya kiwanda mpaka apime mwenyewe. Boliti ya chuma cha pua ataing'oa aweke ya titani, kwa maana titani hupunguza uzito kwa karibu asilimia 40, boliti zikiwa za ukubwa mmoja. Amepata gramu ngapi? Pengine 3. Basi anafurahi kama aliyeokota pochi. Halafu, na hapa ndipo ninapowacheka, anajaza chupa ya nusu lita ya maji na kuifunga kwenye fremu. Gramu 500 hizo!

Jambo hili si la leo. Mwaka 1897 huko Birmingham, Uingereza, bwana Alfred Milward Reynolds alipata hataza ya kutengeneza bomba la chuma ambalo ni nene kwenye ncha na jembamba katikati. Fikiria fremu ya baiskeli. Huumia wapi? Kwenye maungio, pale bomba linapokutana na bomba lingine. Katikati hapapati taabu sana. Kwa nini basi ubebe chuma kinene mahali ambapo hakina kazi? Ni wazo rahisi mno, na hadi leo fremu nzuri za chuma hutengenezwa hivyo. Mwaka 1935 kampuni hiyo ya Reynolds ilitoa bomba lililoitwa 531, chuma kilichochanganywa na manganizi na molibdeni, na kwa miaka mingi waendeshaji wakubwa wa Ulaya walishindana juu ya fremu za bomba hilo.

Lakini kisa kilichoniteka mimi ni cha Eddy Merckx wa Ubelgiji. Tarehe 25 Oktoba 1972 alikuwa Mexico City, mji ulio juu sana hata hewa yake ni nyepesi, ili ajaribu kuvunja rekodi ya saa moja. Mashindano haya hayana ujanja: unazunguka kiwanja kwa dakika 60, kisha wanapima umekwenda umbali gani. Merckx alikwenda kilomita 49.431, na rekodi ikawa yake. Baiskeli yake ilitengenezwa na fundi Mwitaliano, Ernesto Colnago, na haikufika kilo 6, mwaka ule wa 1972, ikiwa ya chuma! Colnago alifanyaje? Alitoboa. Alitoboa usukani, akatoboa hata vipande vya cheni, kimoja kimoja. Kila tundu lilipunguza chembe ya uzito. Baada ya hapo kutoboa kukawa mtindo, watu wakatoboa mikono ya breki, gia, kila kilichotoboleka.

Sikujua kwamba habari hii ya matundu ingeniingiza matatani. Nitafika huko.

Rekodi ya Merckx ilidumu hadi Januari 1984, ilipovunjwa na Francesco Moser wa Italia, mjini Mexico City vilevile. Moser hakushughulika na gramu. Alitumia magurudumu yaliyofunikwa kama sinia, yasiyo na spoku, ili yaikate hewa. Hapo utaona nilichosema juu ya tambarare na upepo.

Sasa kuhusu vitu vinavyotengeneza baiskeli. Ukichukua kipande cha chuma cha pua cha ukubwa wa dado moja, yaani sentimita moja kila upande, kina karibu gramu 7.8. Cha titani ni gramu 4.5. Cha alumini ni 2.7. Kaboni, maana yake nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa gundi maalumu, ni kama 1.6 hivi. Utauliza, mbona basi wasitengeneze bomba la alumini lenye umbo lilelile la chuma, kazi ikaisha? Nami niliuliza. Jibu ni kwamba alumini hupindika kwa urahisi karibu mara tatu kuliko chuma. Bomba hilo lingekuwa legelege, ukikanyaga pedali fremu inayumba kama mgomba kwenye dhoruba. Dawa yake ni kulipanua bomba. Utazame mwanzi. Ndani ni mtupu, lakini jaribu kuupinda! Kitu kikikaa mbali na katikati hupinga kupindwa kwa nguvu zaidi kuliko kikirundikana katikati. Ndiyo maana fremu za alumini zina mabomba manene kama mkono wa mtu na za chuma ni nyembamba kama kidole gumba. Ukipita mjini utazame, utatambua bila hata kugusa.

Kaboni ni kama ususi. Fundi hulaza nyuzi upande anaotaka nguvu. Mahali panaposongwa kwa pedali anaelekeza nyuzi hivi, mahali pa kuteremsha mtikisiko anaelekeza vingine. Mwaka 1986 Greg LeMond wa Marekani alishinda Tour de France akiwa juu ya fremu ya kaboni, na tangu hapo chuma kilianza kupewa mgongo. Lakini kaboni haina subira. Chuma kikizidiwa hupinda kwanza, kikakupa ilani. Kaboni hupasuka kwa ghafla.

Basi uzito ukaendelea kushuka hadi wakubwa wakaingia kati. Chama cha baiskeli cha dunia, UCI, kiliweka sheria iliyoanza kutumika mwaka 2000: baiskeli ya mashindano isiwe chini ya kilo 6.8. Waliogopa kwamba watu watapanda vitu visivyo salama, tena kwamba tajiri atashinda kwa pesa badala ya miguu. Sheria hiyo ilileta vituko. Kuna mafundi ambao baiskeli zao zilitoka nyepesi mno, ikawabidi watie vyuma ndani ya fremu ili zifike kipimo. Hebu waza, wewe umelipa fedha nyingi ili uondoe gramu 300, halafu unazirudisha kwa kipande cha chuma! Hata Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufunzwa huko Kikuyu na David Kinjah, aliposhinda Tour de France mwaka 2013, kisha 2015, 2016 na 2017, hakuruhusiwa kwenda chini ya hizo 6.8. Milima aliyoipanda ni mirefu kuliko yetu, lakini Mamba hana.

Walioponyoka sheria hiyo ni wale wasioshindana chini ya UCI. Uingereza kuna mashindano ya taifa ya kupanda mlima tu, yaliyoanza mwaka 1944, na hufanywa mwishoni mwa Oktoba. Mbio zenyewe ni za dakika chache, chini hadi juu, basi. Kule utaona maajabu. Mtu anakata sehemu ya chini ya usukani kwa msumeno kwa kuwa hataishika. Anabandua tepu. Anang'oa kishikio cha chupa. Hana maji, na hahitaji.

Na ile ya kilo 2.7? Ilianza na Mjerumani anayeitwa Günter Mai, miaka ya 2000 ikielekea kwisha. Aliijenga kidogo kidogo ikawa ya kilo 3 na ushei. Usidhani ilikuwa ya kutundikwa ukutani, aliipanda barabarani. Baadaye ikachukuliwa na duka la Fairwheel Bikes la Tucson, Marekani, wakabadilisha vipuri vingine mpaka ikafika 2.7. Karibu kila kitu ni kaboni, na vipuri vingi haviuzwi dukani, vilitengenezwa kwa mkono kwa ajili ya baiskeli hiyo moja.

Sasa turudi kwetu. Niliazima spana namba 10 na namba 14 nikaivua Mamba nguo. Nilitoa keria, stendi, madigadi yote mawili, kava la cheni, taa na dinamo yake, na kengele. Nikarudi posho mil. Kilo 16.5! Nimeondoa kilo 4.5, bila kulipa hata ndururu. Linganisha na hao mabwana. Kutoka baiskeli ya mashindano ya 6.8 hadi hiyo ya 2.7 wameondoa kilo 4.1. Kwa hiyo mimi na spana za kuazima niliwashinda, na mlima haujui bei.

Asubuhi nilijipima kwa simu ya mama. Kabla ya hapo kutoka kisimani hadi lango la shule nilikuwa natumia dakika 11 na sekunde 40. Siku hiyo nilitumia dakika 11 na sekunde 5. Sekunde 35 nzima! Nilijiona Froome. Mvua ilinyesha siku ya pili, na kwa kuwa sikuwa na madigadi niliingia darasani na mstari wa tope kutoka kiunoni hadi kisogoni, lakini sikujali hata kidogo.

Jumamosi nilijua lazima nirudishe keria kwa sababu ya ndizi za baba. Hapo ndipo Colnago aliponijia. Nikajiambia, lazima irudi, sawa, lakini si lazima irudi na uzito wake wote. Nilikwenda kwa jirani yetu fundi wa kuchomelea milango nikaazima drili. Nikatoboa miguu ya keria matundu 16, yamejipanga vizuri kama shanga. Kusema kweli yalipendeza. Nilikuwa nimeipima keria kwenye mizani ya sukari ya dukani kabla, nikaipima tena baada. Nilikuwa nimeokoa gramu 30.

Nieleze kosa langu, maana hata hili ni Fizikia. Mguu ule una upana wa milimita 20. Tundu langu lilikuwa la milimita 8. Kwa hiyo pale penye tundu palibaki milimita 12 za kubeba mzigo. Hilo peke yake ni baya, lakini kuna baya zaidi. Umeona pakiti ya biskuti jinsi ilivyokatwa kijino pembeni? Ukivuta hapo hupasuka mara moja, lakini ukivuta pasipo na kijino utatumia meno. Nguvu hukusanyika kando ya tundu. Kila barabara inapotikisa, ufa mdogo unaanza kwenye ukingo wa tundu, unatambaa. Colnago alitoboa vitu vya baiskeli ya kutumika saa moja, juu ya kiwanja laini, na hakukuwa na ndizi. Hata wataalamu hupatwa. Mwaka 2006 katika mbio za Paris-Roubaix, zinazopita kwenye barabara za mawe, bomba linaloshika usukani wa George Hincapie wa Marekani lilikatika akiwa mbioni. Usukani ukabaki mikononi, baiskeli ikaenda zake, naye akaanguka na kuumia bega.

Baba alitoka alfajiri ya Jumapili, mikungu mitano nyuma. Kwenye mteremko kabla ya Kiboswa mguu mmoja wa keria ulikatika, mzigo ukaegemea gurudumu, naye akarushwa. Mfupa wa mtulinga ulivunjika. Ndizi zilizosagika zililiwa na mbuzi wa watu.

Walimleta nyumbani mchana, mkono umefungwa kifuani kwa kitambaa, na baiskeli wakaiegemeza ukutani. Nilikaa jikoni. Siku mbili sikusema neno, na baba akawa anawaambia wageni kwamba ni mashimo ya barabara. Siku ya tatu alitoka nje kuota jua. Nikamwona ameinama anaitazama keria, kisha anapitisha kidole kwenye matundu moja moja.

"Haya ni ya nani?"

"Ni yangu, baba."

"Yalikuwa ya kazi gani?"

Nikamweleza yote, Merckx, Mexico, mlima, sekunde 35. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza nimepunguza uzito kiasi gani kwa hayo matundu.

"Gramu thelathini."

Alinyamaza kidogo. "Nenda ukamwambie mama yako hesabu hiyo."

Hilo lilinishinda kuliko kiboko. Mama alikuwa shambani. Kwa wiki sita yeye ndiye aliyepeleka ndizi Kibuye kwa matatu, na nauli ya mizigo ilikula karibu faida yote. Karo yangu ya muhula huo ilichelewa, na wanaodhani nilikuwa mgonjwa zile siku nne, sikuwa mgonjwa. Nilimwambia. Hakunijibu siku hiyo. Alinipa jembe.

Fundi wa milango alitutengenezea miguu mipya ya keria, minene kuliko ya kwanza, nami nikailipa kwa kumkatia kuni Jumamosi tatu. Madigadi yamerudi, stendi imerudi, na kengele, na taa. Nilipoipima tena kule posho mil ilikuwa kilo 21 na robo. Lakini fundi huyo alinionyesha kitu ambacho sikuwa nimekifikiria. Alizungusha gurudumu la nyuma likasimama upesi. Bearingi zilikuwa kavu, grisi imegeuka matope, na ringi imekwenda upande kidogo hata breki inalilamba kila mzunguko. Matairi nayo yalikuwa na upepo nusu. Tulifungua, tukaosha kwa mafuta ya taa, tukatia grisi mpya, tukanyoosha spoku, tukajaza upepo.

Jumatatu iliyopita nilijipima tena kutoka kisimani hadi langoni, na keria, na madigadi, na begi la vitabu. Dakika 11 na sekunde 15. Baba ameanza kuinua mkono hadi usawa wa bega, na ameniuliza kama grisi ile imebaki, kwa sababu anataka gurudumu la mbele lifanyiwe vilevile kabla ya Jumapili.